Jinsi ya kufanya jigi ndogo ionekane kwenye sona

Jigi (ndoano ya kuvulia yenye kichwa kizito) ikipotea kwenye skrini ya sona, kifaa kinachotuma sauti majini na kuonyesha mwangwi unaorudi, wengi hukimbilia kufunga nzito zaidi. Inasaidia, lakini si sana. Majini hakuna kinachorudisha mwangwi kama hewa. Hata samaki unayemwona kwenye skrini, sehemu kubwa ya mwangwi wake hutoka kwenye kibofu chake cha hewa. Chambo laini cha plastiki kina msongamano unaokaribiana na wa maji, hivyo sehemu kubwa ya sauti hupenya bila kurudi. Kazi yetu ni kushusha hewa kidogo pamoja na ndoano.

Hatua ya 1: Rekebisha mipangilio ya sona kwanza
Tumia masafa ya juu, yaani mawimbi ya sauti mengi zaidi kwa sekunde (hupimwa kwa kHz). Kwa 200 kHz urefu wa wimbi majini ni kama milimita 7.5, kwa 800 kHz haufiki milimita 2. Kitu kidogo kuliko wimbi hutoa mwangwi hafifu. Punguza kichujio cha kelele, maana mara nyingi ndicho kinachofuta jigi. Pandisha usikivu mpaka skrini ianze kujaa madoa, kisha urudishe kidogo.

Hatua ya 2: Chagua sponji
Hapa ndipo kazi huharibika au hufaulu. Sponji ya kuoshea vyombo haifai: inanyonya maji na hewa yote inatoka. Unataka ile ngumu ambayo vitundu vyake vimefungwa, kama ya soli za kandambili. Hata hiyo hubanwa kina kinapoongezeka. Katika mita 10 shinikizo ni mara 2 ya lile la juu ya maji, na kiputo kilicho huru hubaki nusu ya ujazo wake. Kadiri sponji ilivyo ngumu, ndivyo inavyostahimili.

Hatua ya 3: Funga
Kata kipande chembamba, kisizidi unene wa njiti ya kiberiti. Kilaze juu ya shina la ndoano, nyuma ya kichwa, ukizungushe uzi bila kukikaba. Ukikaza mno unaitoa hewa uliyoitaka. Pitisha gundi, iache ikauke, ndipo ufunge manyoya juu yake. Kama chambo chako ni mrija wa plastiki, sukumia sponji ndani tu. Nafasi kati ya shina na ncha ya ndoano ibaki wazi, la sivyo utamwona samaki vizuri na usimnase.

Hatua ya 4: Fidia uzito
Sponji hupunguza kasi ya kuzama. Mimi hupendelea kichwa cha tangisteni, metali nzito sana: kwa uzito uleule ni kidogo kuliko cha metali ya risasi.

Hatua ya 5: Ining'inie ikiwa imelala
Jigi iliyosimama wima huonyesha sona ncha yake tu. Kama tundu la mshipi liko juu ya kichwa, sogeza fundo mpaka jigi ilale, ubavu uitazame transdyusa, kile kipande cha sona kinachotuma na kupokea sauti.

Hatua ya 6: Jaribu
Shusha jigi yenye sponji, kisha isiyo nayo, kina kilekile na usikivu uleule. Shushia karibu na transdyusa. Koni ya sauti ya digrii 20 katika mita 10 hufunika duara la mita 3.5 hivi, na juu ni finyu zaidi. Mstari wa jigi kwenye skrini ukionekana chini lakini ukakatika juu, usiongeze sponji, sogeza mshipi.