Ukiambiwa utatolewa maji ya mgongo
Hapa Kisumu nimesikia jamaa wakimsihi mgonjwa akatae: "Hiyo sindano italemaza." Uoga huo unachelewesha kupimwa kwa maji hayo, na hivyo matibabu ya homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo hausubiri mtu. Sindano huingia chini mgongoni, usawa wa kiuno. Kwa mtu mzima uti wa neva, ule unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, umeishia juu ya hapo. Palipobaki ni maji na nyuzi za neva.

Mwambie daktari mapema kama unameza warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Tafadhali usilisahau hilo.

Utalala kwa ubavu, magoti tumboni, kidevu kifuani. Ganzi huchoma kidogo, kisha utahisi kusukumwa. Ukisikia kama umeme mguuni, sema kwa mdomo, usijitikise.

Mwenye homa hiyo iliyoletwa na kuvu huweza kuchomwa sindano hiyo mara kadhaa, maana kuyatoa maji hayo hupunguza shinikizo kichwani.

Baadaye kichwa huweza kuuma ukiketi, kikatulia ukilala. Kikizidi, au ukipata homa, au miguu ikafa ganzi, au mkojo ukagoma, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.