Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Seneta wa Jimbo la Wakulima: Mfano wa Bob Dole wa Kansas

Anayetaka kuandika maisha ya mbunge aliyetumwa na jimbo la wakulima aanze na ardhi iliyomlea, kisha aifuate hadi kwenye sheria alizozitunga. Vyeo vinaweza kusubiri. Nitaeleza kazi hiyo kwa kumtumia Bob Dole, aliyeiwakilisha Kansas katika Seneti ya Marekani kuanzia 1969 hadi 1996, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha wazi jinsi shida za kaunti moja zinavyoweza kumfuata mtu hadi Washington.

Kwanza, tafuta watu wa kwao walikuwa wakiishi kwa kutegemea nini. Dole alizaliwa mwaka 1923 katika mji mdogo wa Russell, kwenye nyanda za ngano. Miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi viliwafilisi wakulima wa nyanda hizo, na wazazi wake walilazimika kuhamia chumba cha chini cha nyumba yao ili sehemu ya juu waipangishe kwa wafanyakazi wa visima vya mafuta. Habari kama hii isiandikwe ili kumhurumia tu mhusika. Iandike kwa sababu msomaji atakayeielewa hatashangaa kumwona seneta wa chama cha Republican, mwenye sifa ya kubana matumizi ya serikali, akitetea msaada wa chakula miongo minne baadaye.

Jeraha la vita lishughulikie kwa namna hiyo hiyo. Tarehe 14 Aprili 1945 Dole alijeruhiwa vibaya nchini Italia, na mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena sawasawa maisha yake yote. Watu wa Russell walimchangia fedha za matibabu, wakizikusanya katika kasha la sigara lililowekwa kwenye duka la dawa la mjini. Waandishi wengi huishia hapo, ilhali jambo lenye uzito zaidi ni kwamba hotuba yake ya kwanza katika Seneti, aliyoitoa tarehe 14 Aprili 1969, ilihusu watu wenye ulemavu, na kwamba alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya haki zao iliyotiwa saini mwaka 1990.

Usiziruke nafasi ndogo alizopitia kabla ya kufika Washington. Baada ya kukaa kwa muda katika bunge la jimbo, Dole alikuwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Russell kuanzia 1953 hadi 1961, na moja ya kazi zake ilikuwa kuidhinisha malipo ya msaada kwa maskini wa kaunti, wakiwamo babu na bibi yake mwenyewe. Ningemshauri mwandishi yeyote akae hapa kwa muda mrefu kuliko kwenye kampeni za urais, kwa maana ofisini humo Dole aliuona umaskini kwa majina na nyuso za watu aliowafahamu.

Sasa eleza taasisi yenyewe. Kila jimbo la Marekani, liwe na watu wengi kama California au wachache kama Wyoming, lina maseneta wawili, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka sita. Utaratibu huo huyapa majimbo ya wakulima nguvu kubwa, lakini hayawezi kupitisha sheria peke yake, hasa katika Baraza la Wawakilishi, ambako viti hugawanywa kwa idadi ya watu. Kwa hiyo chunguza mapatano. Mwaka 1973 mpango wa stempu za chakula, yaani vocha za serikali ambazo maskini huzitumia kununua chakula, uliingizwa katika sheria kuu ya kilimo, ukawaunganisha wabunge wa mijini waliotaka chakula kwa maskini na wale wa vijijini waliotaka ruzuku kwa mkulima. Mwaka 1977 Dole alishirikiana na George McGovern, seneta wa chama cha Democratic kutoka South Dakota, kuondoa sharti lililozitaka familia zilipe kwanza sehemu ya fedha ndipo zipewe stempu hizo. Wawili hao walitofautiana katika mambo mengi, vita vya Vietnam vikiwamo, lakini wote walitoka katika majimbo ya ngano na walijua kwamba chakula cha ziada kwa mkulima ni mlo kwa mwenye njaa. Mpango wa Marekani wa kugharimia chakula cha shuleni katika nchi maskini unabeba majina yao.

Baada ya hapo, pambanisha kura zake. Akiwa bado katika Baraza la Wawakilishi, kabla ya kuingia Seneti, Dole aliunga mkono sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mwaka uliofuata akaupinga mpango wa bima ya afya ya wazee, Medicare. Ukiandika kura moja na kuificha nyingine, utakuwa umeandika tangazo la uchaguzi. Ziweke zote mbili, na ueleze sababu alizozitoa yeye mwenyewe wakati huo.

Sababu hizo utazipata katika kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Marekani, zinazochapishwa tangu 1873, na katika kamusi ya wasifu wa wabunge inayotolewa na Bunge hilo, ambayo inafaa kwa kuhakikisha tarehe. Nyaraka za Dole zimehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake kwenye Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Soma pia magazeti ya jimboni, hasa ya miaka aliyokaribia kushindwa: mwaka 1974, kashfa ya Watergate ilipokuwa imekichafua chama chake, Dole alikiponea chupuchupu kiti chake mbele ya mpinzani aliyekuwa daktari, na malalamiko ya wapiga kura wa mwaka huo yanaeleza mengi ambayo hotuba za ushindi huyaacha.

Kugombea urais mwaka 1996 na kushindwa na Bill Clinton kunahitaji aya moja tu katika wasifu wa namna hii. Nafasi itakayobaki wape wakulima wa Kansas, ukieleza sheria hizo ziliwafaidi vipi na ni wapi hazikuwafikia.