SOMO: Namna ya kuwa wakili wa kesi za ndege (naandika mara moja tu)

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila kijana wa sheria kunifuata inbox: "Kaka, nifanyeje nishike kesi za ndege?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa, atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Shahada ya sheria. Hilo halina mjadala.

2. Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School yetu ya Tanzania), kisha uapishwe. Uingereza barista (si wa kahawa) husimama mahakamani na solisita huhudumia mteja. Kwetu kazi zote mbili ni zako.

3. Miaka miwili mitatu ya kesi za kawaida: madai, bima, mikataba. Hujui kuandaa hati ya madai, utasaidiwa nini na kujua aina za ndege?

4. Soma wote Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa unaosema kampuni ya ndege inawajibika vipi kwa abiria na mizigo. Una ibara 57 tu. Tanzania na Kenya zote zimo. Ishi na ibara za 17, 19, 22, 31, 33 na 35.

5. Kuhesabu siku. Hapa ndipo nilipoangukia pua, kwa hiyo vumilieni maneno mengi.

Nikiwa wakili mchanga nilimpokea mama mmoja mfanyabiashara, mizigo yake imepotea safarini. Kampuni ya ndege ilikuwa inajibu barua zetu kwa adabu mno: "tunalishughulikia", "tupeni wiki mbili". Nikaamini kwamba maadamu tunazungumza, muda umesimama. Haujasimama! Ibara ya 35 inakupa miaka miwili kuanzia siku ya kufika, au siku ndege ilipopaswa kufika, au safari ilipokatishwa. Ikipita, haki yenyewe imekufa. Nilifungua kesi siku tisa baadaye. Wakaleta pingamizi la awali la kurasa tatu, likatosha. Nilipomweleza yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu, muda wote ule walikuwa wananihesabia siku?"

Kwa hiyo:
- Swali la kwanza kwa mteja ni tarehe ya kufika. Iandike juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.
- Usijifiche nyuma ya Sheria ya Ukomo (ile ya ndani inayopanga muda wa kufungua kesi) ukitegemea kuongezewa muda.
- Begi limeharibika? Malalamiko ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Limechelewa? Siku 21 tangu kukabidhiwa. Yawe ya maandishi. Kugomba kaunta hakuhesabiki.

6. Kuchagua mahakama, ibara ya 33. Mojawapo ya mahali unapoweza kushtaki ni pale safari inapoishia. Tiketi ikiwa ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni ulikoanzia. Dar–London–Dar, mwisho ni Dar. Na usimtazame mwenye ndege peke yake. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari ET302, ilipoanguka Ethiopia 10 Machi 2019 na kuua watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote, familia zilimshtaki mtengenezaji, Boeing, kule Chicago, kwa kuwa makao yake makuu wakati huo yalikuwa huko. Vikomo vya fidia vya Montreal havimkingi mtengenezaji.

7. Shahada ya pili ukipenda. McGill kule Montreal wana taasisi ya sheria za anga tangu 1951. Leiden, Uholanzi, nao wako vizuri. Lakini si lazima.

MASWALI

Mzee wa Fursa: Mkuu, inalipa? Kwa mwezi sh ngapi?
JIBU: Sina jedwali la mishahara.

Mzee wa Fursa: Nimeuliza kwa heshima tu.
JIBU: Nami nimejibu kwa heshima. Mwaka wa kwanza nilipata kesi moja ya begi. Piga hesabu.

Binti Kagera: Shikamoo kaka. Ndege iliyoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, ilitoka Dar. Montreal inagusa safari ya ndani?
JIBU: Marahaba, dada. Swali zuri sana. Angalia tiketi, usiangalie ndege. Aliyekata Dar–Bukoba tu yuko chini ya sheria ya ndani. Ila abiria aliyetoka, tuseme, Dubai kwa mkataba mmoja wa safari hadi Bukoba, kwake hata kipande cha Dar–Bukoba ni safari ya kimataifa. Watu wawili wanaweza kukaa viti vya jirani, kila mmoja na sheria yake. Ukipata nafasi soma ibara ya 1, halafu tuongee.

Mswahili wa Muscat: Begi langu lilikuwa na dhahabu ya harusi. Nitalipwa yote?
JIBU: Kikomo cha mizigo ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria tangu 28 Desemba 2024, kama dola 2,000 hivi. Kuzidi hapo ulipaswa kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi begi, na kulipia wakidai.

Binti Kagera: Mama yangu dhahabu huivaa yote. Anapanda ndege kama bibi harusi.
JIBU: Mama yako angefaa kuwa wakili. Na wengine pigeni picha begi kabla ya kulikabidhi, na msitupe kile kikaratasi cha namba.

Kipanga: Kaka, sijasoma yote, ni ndefu. Begi la shemeji lilipotea, ila jamaa wa ndege wanatujibu vizuri tu, hatuna haraka.
JIBU: Hatua ya 5.

Kipanga: Si unijibu tu?
JIBU: Alitua lini?

Kipanga: Alhamisi ijayo anatimiza miaka miwili.
JIBU: Acha kuandika hapa. Njoo inbox na namba ya shemeji, sasa hivi.