Kuzuia Sauti Kati ya Vyumba: Anza Darini Kabla ya Kugusa Ukuta

Katika nyumba nyingi ninazoitwa kurekebisha hapa Dar es Salaam malalamiko ni yale yale: televisheni ya sebuleni inasikika chumbani kwa watoto kana kwamba hakuna ukuta, na mwenye nyumba ameshaamua kwamba kosa ni la ukuta. Miaka yangu ya mwanzo nami niliamini hivyo. Nilifunika ukuta mzima wa chumba kimoja kwa jipsam, nikapiga skimu na rangi, na jioni ile ile mteja akaniita nisikilize taarifa ya habari ikipita neno kwa neno. Nilipopanda darini niliona matofali yameishia usawa wa dari, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa na uwazi mtupu uliounganisha vyumba vyote vya nyumba.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yenye kuta za tofali za saruji, kenchi za mbao, bati na dari ya jipsam.

Hatua ya 1: Tafuta sauti inapopita

Washa redio katika chumba chenye kelele, kwenye kituo cha watu wanaozungumza badala ya muziki, kisha utie alama kwenye kitufe cha sauti ili baadaye uweze kurudia kipimo kile kile. Ingia chumba cha pili, funga mlango na madirisha, na usikilize kwa sikio lililo karibu kabisa na chini ya mlango, pembeni mwa fremu, kwenye soketi, katikati ya ukuta, na mwisho ukiwa umesimama juu ya ngazi chini ya dari. Rudia madirisha yakiwa wazi, kwa sababu vyumba viwili vyenye madirisha upande mmoja hupeana sauti kwa nje, na kwa njia hiyo hakuna ukuta utakaokusaidia. Usiku zima taa, mwenzako amulike tochi upande wa pili: panapopenya mwanga, sauti nayo inapita.

Hatua ya 2: Pandisha ukuta hadi kwenye bati

Ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili una uzito unaokaribia kilo 300 au zaidi kwa kila mita ya mraba, ilhali dari ya jipsam ya milimita 9 ina kilo 7 hivi. Kinachozuia sauti ni uzito, kwa hiyo sauti haihangaiki na tofali. Hupanda kupitia jipsam ya sebuleni, ikavuka juu ya ukuta na kushuka kupitia jipsam ya chumbani.

Panda darini alfajiri, maana ikifika saa nne bati huwa limeshapata moto na huwezi kukaa humo. Tandika mbao juu ya kenchi ndipo ukanyage. Jipsam haibebi mtu. Hakikisha kwanza kwamba ukuta wa chini una msingi wake au umekaa juu ya boriti. Ukiwa nao, endeleza tofali kutoka juu ya linta (boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha), ukizikata kufuata mteremko wa paa, na ujaze mota kila kiungo, kwa kuwa kiungo kilichoachwa wazi ni tundu kama matundu mengine. Tofali usizibane kwenye kenchi wala papi (mbao zinazopigiliwa bati): paa hutanuka mchana na kunywea usiku, na ukuta uliobanwa utapasuka. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi, uijaze sufi ya mawe (nyuzi za mawe zinazouzwa kama godoro laini) iliyoshindiliwa. Nyaya za umeme zinazovuka hapo zipitishwe kwenye bomba na kingo zake zizibwe.

Ukuta usipoweza kubeba tofali, simamisha fremu ya mbao juu yake, jaza sufi ya mawe katikati, kisha upige jipsam ya milimita 12 mara mbili kila upande, viungo vya tabaka la pili visiangukie juu ya vile vya kwanza. Vaa barakoa na glavu unaposhika sufi, na usiifunikie juu ya taa zilizozamishwa kwenye dari, kwa sababu zinahitaji kupoa.

Hatua ya 3: Mlango

Mlango wa sentimita 90 kwa 210 ulioachwa uwazi wa sentimita 2 chini una sehemu moja katika mia iliyo wazi, na kwa uwazi huo, hata uwe wa mninga, hautapunguza zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi. Ndiyo maana humwambia mteja asinunue mlango mzito kabla ya kuziba ule alio nao. Weka kizingiti cha mbao sakafuni au ukanda wa mpira unaogusa sakafu mlango unapofungwa, kisha bandika raba kuzunguka fremu. Kidirisha cha juu ya mlango, kama kipo, kizibwe kwa tofali. Mlango wa flashi, yaani wa mbao nyembamba pande mbili na mtupu ndani, ubadilishe baada ya hayo yote. Chumba kilichozibwa hivi kinategemea dirisha kwa hewa, na jiko la gesi lisiwekwe kabisa katika chumba cha namna hiyo.

Hatua ya 4: Soketi

Soketi mbili zilizopeana mgongo kwenye ukuta mmoja ni dirisha dogo. Zima umeme kwenye swichi kuu, uzitoe, na umwachie fundi umeme ahamishe moja. Lile tundu lijaze mota hadi ndani.

Hatua ya 5: Ukuta wenyewe, ikibidi

Rudia kipimo cha redio. Wengi huishia hapa. Ikiwa bado unasikia maneno katikati ya ukuta, simamisha fremu nyingine sentimita 2 mbali nao bila kuugusa, weka sufi, piga jipsam mbili, na uzibe kingo zote kwa silikoni. Utapoteza kama sentimita 10 za chumba. Trei za mayai na sponji zinazobandikwa ukutani hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini hazina uzito wa kuzuia chochote kuvuka, na sponji ikishika moto hutoa moshi wa hatari.

Mdundo wa spika kubwa ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu hutembea ndani ya sakafu na tofali zenyewe. Isogeze spika mbali na ukuta na uiweke juu ya kipande kinene cha mpira kabla hujaagiza jipsam nyingine.