Somo: Kushusha gari kwa springi fupi, na namna ya kupima kama pesa ya ufundi ni ya haki

Springi yenyewe, ukishakuwa na shokapu mezani, haichukui muda kubadilisha. Saa zote ambazo fundi anakutajia zimo kwenye kuifikia: kutoa tairi, kufungua linki, kupigana na bolti iliyoliwa na kutu, kushusha shokapu nzima, kisha kurudisha kila kitu mahali pake. Ukilishika hilo, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe bila haraka. Na usipoifanya, utakaa na fundi mkapatana bila mmoja kumuumiza mwenzake.

Nazungumzia gari dogo la kawaida, ambalo mbele springi imeizunguka shokapu (mfumo wa MacPherson) na nyuma springi imekaa peke yake, mbali na shokapu. Mifumo mingine nitaigusa kwenye maswali.

Kabla ya kufungua nati yoyote

Springi za kushushia hutajwa kwa milimita ambazo gari litashuka. Kwa gari la kila siku 25 hadi 35 zinatosha, na shokapu za asili zikiwa nzima zitavumilia. Ukivuka 40 jiandae kununua shokapu fupi pia, maana za asili zitakuwa zinafanyia kazi chini kabisa na hazitadumu. Springi fupi iliyotengenezwa vizuri ni ngumu kuliko ya asili. Lazima iwe hivyo: nafasi ya kushuka imepungua, na bila ugumu huo gari litakuwa linagonga raba za mwisho (zinazozuia chuma kugonga chuma) kila likikuta shimo.

Wapo wanaokata springi kwa grainda, au kuichoma kwa gesi mpaka ilale. Moto unaharibu ugumu wa chuma. Iliyokatwa nayo, ncha yake haikai vizuri kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia inaweza kucheza au kuchomoka. Mimi sifanyi, na sifundishi.

Kagua shokapu. Kama zinavuja mafuta, au ukibonyeza kona ya gari inaendelea kudunda baada ya kuiachia, nunua mpya sasa hivi. Kagua na maunti za juu (vikalio vinavyoifunga shokapu kwenye bodi) na beringi zake. Kuzifikia ni kazi ile ile moja.

Vifaa: jeki, stendi mbili (jeki peke yake haishikilii gari ambalo mtu yuko chini yake, msijidanganye), boksi spana, spana za aleni, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, rangi ya kuwekea alama, na vibana springi viwili vilivyo imara. Vibana hivyo ukiazima, angalia meno ya nyuzi zake. Zikiwa zimelika, rudisha. Tafuta pia vipimo vya kukazia vya gari lako, usikisie.

Hatua kwa hatua

1. Jioni ya kuamkia kazi, piga brashi bolti zote utakazofungua na uzinyunyizie mafuta. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, uandike. Bila namba hizo kesho utakuwa unabishana na macho yako.

2. Egesha palipo tambarare, kwamisha magurudumu ya nyuma, legeza nati za tairi, nyanyua mbele yote na uweke stendi. Nyanyua pande zote mbili kwa pamoja: ukinyanyua upande mmoja, bomba la stabilaiza (linalozuia gari kulala kwenye kona) linajipinda na linki zinakuwa ngumu kutoka.

3. Toa linki ya stabilaiza, kisha vishikio vya hozi ya breki na waya wa ABS kwenye shokapu. Weka alama ya rangi pale shokapu inapokutana na chuma kinachobeba habu, kwa sababu matundu ya bolti zile mbili mara nyingi yana nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo kemba yako (kiasi tairi linavyolalia ndani au nje kwa juu). Egemeza mkono wa chini (chuma kinachobeba gurudumu kwa chini) kwa jeki, toa bolti mbili, na uangalie hozi ya breki isivutike chuma kikianguka nje. Juu, chini ya boneti, fungua nati za pembeni tu. Ile ya katikati USIIGUSE. Ndiyo inayoifunga springi iliyobanwa ndani. Mwenzako ashike shokapu kwa chini wakati unatoa nati ya mwisho, isidondoke.

4. Hapa taratibu. Vibana viwili vikae vikitazamana, kila kimoja kikishika mizunguko mingi ya springi kadiri inavyowezekana. Kaza kwa mkono, zamu kwa zamu: mizunguko michache huku, michache kule. Kimoja kikitangulia utaona springi inapinda kama ndizi. Simama, rudisha, sawazisha. Bunduki ya hewa haina kazi kwenye vibana, inachemsha nyuzi na kuzila. Uso na mikono visiwe kwenye mstari wa springi, wala isimwelekee mtu. Utajua imelegea pale utakapoweza kuizungusha kwa vidole kwenye vikalio vyake. Hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Ikizunguka pamoja na fimbo ya shokapu, ishike fimbo kwa spana ya aleni kupitia juu. Usiishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mmoja tu unakata sili, na mafuta yanaanza kutoka.

5. Hamisha raba, kifuniko cha vumbi na maunti. Kama maelekezo ya springi yanasema raba ya mwisho ikatwe, kata kwa kipimo walichosema. Ncha ya chini ya springi iende mpaka kwenye kizuizi chake pale kwenye sahani. Maandishi yaliyopigwa kwenye springi kwa kawaida husomeka wima. Ukiyaona kichwa chini, huenda umeigeuza. Kaza nati ya katikati mpaka mwisho, ndipo ulegeze vibana, tena kwa zamu.

6. Rudisha kwa mpangilio wa nyuma. Nati zenye plastiki ya kujikaza ndani, weka mpya.

7. Nyuma ni starehe. Egemeza ekseli kwa jeki, toa bolti za chini za shokapu, shusha polepole ukitazama hozi za breki, springi inatoka kwa mkono. Hamisha raba zake za juu na chini. Kosa la hapa liko kwenye kufunga: bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Raba ya bushi imeshikana na chuma. Ukikaza gari likiwa hewani, likishuka raba inabaki imejisokota siku zote, na itachanika mapema.

8. Endesha siku chache springi zikae, kisha nenda kwenye alaimenti (kupima na kupanga pembe za magurudumu). Urefu ukibadilika, kemba inabadilika na uelekeo wa tairi unabadilika. Angalia na taa za mbele zinapiga wapi.

Sasa pesa ya ufundi

Hesabu iko hivi: saa za kazi mara bei ya saa moja ya gereji hiyo, jumlisha alaimenti, jumlisha nati na bolti mpya. Basi. Kwa gari la mfumo huu, fundi mwenye lifti na mazoea hutumia kama saa 3 hadi 5 kwa kona zote nne. Wewe nyumbani mara ya kwanza, tenga siku nzima na usimwahidi mtu kwamba jioni utamfuata.

Kwa hiyo usiulize "ni bei gani" peke yake. Uliza ni saa ngapi, alaimenti imo au haimo, na bolti ikikatika nani analipia muda wa kuitoa. Swali hili la tatu ndilo linaloleta ugomvi, na fundi mzuri hukujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kutu ni sababu halali ya bei kupanda. Halali pia ni gari linalodai kutoa waipa na plastiki ya chini ya kioo ili kufikia nati za juu, au kufungua viti vya nyuma.

Isiyo halali ni kulipa mara mbili kwa kufungua mara moja. Niliwahi kuandikiwa makadirio yenye mistari miwili: kufunga springi, saa 5, kufunga shokapu, saa 5. Nikamuuliza mhusika, shokapu za mbele utazifunguaje mara ya pili wakati springi umeshazitoa ndani yake? Akacheka, akafuta mstari wa pili, akaongeza nusu saa kwa ajili ya shokapu za nyuma. Nusu saa hiyo nililipa kwa moyo mweupe, kwa sababu za nyuma kweli zina bolti zao za juu.

Bei ya chini mno nayo itazame. Anayekuahidi kona nne kwa saa moja, mara nyingi alichopunguza ni spana ya toki na alaimenti.

Maswali ya wanachama

Asante kwa somo mkuu. Gari langu lina kilomita 140,000 na shokapu ni za tangu kiwandani, hazivuji. Niweke springi tu?

Hapana. Kutovuja si uzima. Kwa umbali huo zimeshachoka, na springi ngumu zaidi itaonyesha uchovu wao ndani ya miezi. Ukirudi kubadilisha baadaye unalipa kufungua upya, na alaimenti upya. Kama pesa haitoshi vyote, subiri.

Nimetajiwa saa 8 kwa kona nne. Naibiwa?

Siwezi kusema bila kujua gari. Kama mbele lina mikono miwili, wa juu na wa chini, na nyuma springi imevaa shokapu inayofikiwa kwa kutoa viti, saa 6 hadi 8 hazinishangazi. Kama ni mfumo wa somo hili na halina kutu, mwombe akuonyeshe saa zinakwenda wapi. Muulize kwa heshima. Mara nyingine ameweka akiba ya bolti kukatika, na mnaweza kupatana kwamba akiba isipotumika isilipwe.

Mwalimu, umesahau kamera. Magari mapya yana kamera kwenye kioo cha mbele na taa zinazojipanga zenyewe.

Kweli, umenisahihisha vizuri. Taa hizo zina sensa ya urefu yenye fimbo ndogo kwenye mkono wa chini au ekseli. Ukishusha gari, sensa inadhani limepakia mzigo. Baada ya kazi inatakiwa kuwekwa sifuri upya kwa kompyuta. Kamera nayo, magari mengi yanadai ipangwe upya urefu ukibadilika. Gharama hiyo iwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mimi nina pikapu, ekseli ya nyuma ni nzima moja. Nikiishusha nyuma tu?

Lala chini uangalie kama kuna vali ya breki yenye fimbo au springi ndogo iliyofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya breki za nyuma gari likipakia. Ukishusha nyuma bila kuirekebisha, inaona mzigo ambao haupo, inapeleka breki nyingi nyuma, na kwenye lami yenye maji matairi ya nyuma yanafunga kabla ya ya mbele. Gari linageuka. Fimbo hiyo irekebishwe kwanza. Na kama ekseli ina fimbo ya kuizuia isiende pembeni, ukishusha, ekseli nzima itahamia upande mmoja kidogo. Ndiyo maana tairi moja linaonekana limetoka nje kuliko jingine.

Nilishusha mwaka jana, tairi za mbele zimelika kwa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Ni kemba?

Kila mtu huilaumu kemba. Kemba ndogo ya ndani peke yake hula taratibu. Kinachomaliza tairi haraka ni uelekeo: matairi yanatazama nje au ndani kuliko kipimo, kila mzunguko yanajikwangua kwenye lami. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume. Kiganja kikipita laini kwenda na kukwaruzwa kurudi, au kinyume chake, ni uelekeo. Uliifanya alaimenti?

Hapana, fundi alisema si lazima.

Basi ulichookoa kwenye alaimenti umekilipa kwenye tairi mbili.

Nimefungiwa jana. Nikikata usukani gari likiwa limesimama, mbele kulia panalia "tong", kama waya umeachia.

Springi inashikwa na maunti halafu inaachia ghafla. Ama beringi ya juu imekufa, ama imefungwa kichwa chini, ama ncha ya springi haijafika kwenye kizuizi. Kata usukani hadi mwisho, mulika tochi kwenye sahani ya chini, tazama ncha imekaa wapi. Usiendeshe mbali.

Nimemulika. Ncha iko mbali na kizuizi kama upana wa vidole vitatu. Fundi anasema nikirudi nilipie kufungua.

Mpige picha umwonyeshe. Wewe ulishalipia kufungua, na kazi aliyoifungua hajaimaliza. Hiyo ni juu yake, pamoja na alaimenti kama alishaipiga. Ukikuta beringi ndiyo mbovu, hapo utamlipa beringi tu.