Piga picha kabati lako kabla ya kwenda Mlango Mmoja

Wapenzi wa mitumba hapa Mwanza, hii nimeijaribu na inasaidia kweli: kabla hujaenda soko la Mlango Mmoja fungua kabati, piga picha nguo zote kwa simu, viatu navyo, halafu ukishashika shati na roho ishaanza kulitaka, fungua ile picha kwanza. Ukikuta unayo matatu ya rangi hiyohiyo rudisha, endelea na safari. Inafanya kazi kwa sababu pale sokoni akili inaona bei tu, ukisikia "buku mbili, buku mbili" unasahau kabisa ulivyonavyo nyumbani, sasa picha inakukumbusha palepale kabla hela haijatoka. Ila nguo zikiwa zimekunjwa zimelaliana picha haikusaidii kitu, zitandaze kitandani ndo upige, na za kwenye begi uvunguni usiziache maana huko ndo zinajificha nyingi. Kwa watoto usiitegemee sana, suruali ya mwaka jana kwenye picha inaonekana nzima kumbe ishampanda juu ya kifundo, hao wapimishe kwanza.