Kabla hujaipiga kiki pikipiki iliyolala miaka

Mtu akipata pikipiki iliyolala bandani miaka, cha kwanza anaipiga kiki, na hapo ndo uharibifu unapoanzia. Mimi nilichukua Honda CG125 kwa mjomba, kuku walikuwa wanatagia kwenye siti, nikaweka mafuta mapya, kiki ikagoma kushuka, basi nikaita vijana tukaisukuma mteremkoni na gia ya pili. Ikazunguka kweli. Nilivyokuja kufungua juu nakuta ringi zilishikwa na kutu na zimekwangua silinda, ukipitisha kucha inakwama, ikabidi silinda ikachongwe na nitafute pistoni ya ovasaizi, yaani iliyozidi ile ya mwanzo kwa milimita 0.25. Hela yote hiyo kwa sababu ya kushindwa kusubiri wiki moja.

Kwahiyo kabla ya spana, anza na kadi ya usajili. Namba ya chesisi imegongwa shingoni mwa fremu, ifute na kitambaa chenye mafuta ya taa usome vizuri, linganisha na kadi, alafu fanya hivyohivyo na namba ya injini, maana kama injini ilishabadilishwa na kadi haina habari hiyo ni kesi na inakuwa ya kwako. Na mwenye kadi apatikane. Pikipiki ikishapita mikono mitatu kwa maneno ya "tutaandikishana tu", siku ya kubadilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) utamtafuta mtu mpaka kijijini kwao.

Hela nayo, bei ya kununulia isikudanganye. Andika kwenye daftari tairi, tyubu, cheni na spoketi zake, betri, breki shuu, plagi, kebo, hivyo hesabu kama vitanunuliwa vyote, kikipona kimoja ni bahati yako. Tairi laweza lisiwe kipara kabisa ila limekauka, angalia ubavuni kwenye maandishi ya DOT tarakimu nne za mwisho, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, hilo usilipande. Uzuri wa CG ni kwamba Honda waliitoa 1976 na Wachina wakaiiga sana, spea nyingi za injini za kichina za 125 zinaingia, lakini sio zote, kwahiyo nenda Kariakoo na kile kibovu mkononi, usiende na maelezo.

Vifaa sio vingi: spana 8 mpaka 17 na ile ya plagi. Ila skrubu za Mjapani ukizifungua na bisibisi ya nyota ya kawaida inateleza inakula kichwa, tafuta ya JIS (nyota ya kipimo cha Kijapani) au ile ya kugonga na nyundo. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Alafu chukua boksi la sabuni, chora umbo la kava la klachi, toboa matundu pale bolti zinapokaa, kila bolti unayotoa ichomeke tundu lake, maana urefu hazilingani na ukilazimisha ndefu kwenye tundu la fupi unapasua aluminiamu.

Tanki fungua unuse. Mafuta yaliyooza yananuka kama vanishi, na kama yako hivyo basi kabureta nayo imeziba, usijidanganye. Kutu ya ndani mimi natoa kwa siki na kiganja cha nati kuukuu, unaacha siku mbili unatikisa, unasuuza, unapitisha maji ya magadi, alafu unakausha hapohapo na kupaka oili ndani, ukiiacha na unyevu usiku mmoja tu kutu inarudi. Jeti za kabureta zisichokolewe na sindano, ni shaba laini, tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta, tumia uzi mmoja wa waya wa umeme.

Injini sasa. Toa plagi, mimina vijiko kadhaa vya ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kwenye tundu, iache wiki. Ndo uweke gia ya juu na uitikise gurudumu la nyuma mbele nyuma kwa mkono, taratibu, isipokubali ongeza uiache tena. Ikishalegea mwaga oili ya zamani, ikitoka rangi ya maziwa jua maji yaliingia, weka mpya kama lita moja, piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili oili ipande. Nafasi ya tapeti za valvu weka milimita 0.08 injini ikiwa baridi, mwanya wa plagi milimita 0.6 mpaka 0.7.

Siku hiyo majirani watajaa uani na kila mmoja ni fundi. Yule atakayesema tuisukume mteremkoni mpe kiti na chai, akae huko huko.